Ombi la Kumrudisha Mwalimu Hezekia Darasani ili Mimi Nione Bahari

Mlola, Lushoto
Jumamosi, baada ya kukamua

Kwa Mwalimu Mkuu Rahma,
Shule yetu ya Msingi, hapo bondeni chini ya kanisa.

Mwanangu Mwalimu Mkuu,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia kwanza, kwa hiyo naipokea shikamoo yako kabisa ili tusipoteze muda. Sisi hatujambo, ng'ombe hajambo, na karoti zimepigwa na baridi kidogo lakini zitainuka.

YAH: KUMRUDISHA KAZINI MUME WANGU, HATA KWA KUJITOLEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Evelina, Mama Tobia, mke wa Mwalimu Hezekia Shemahonge, ambaye alikufundisha wewe Jiografia kabla hujakua ukawa mkubwa wake wa kazi. Mwalimu alistaafu kwa heshima. Mlimfanyia sherehe nzuri, mkampa kiti cha kuegemea na saa ya mkononi. Kuhusu ile saa sina neno jema la kusema, lakini najua mliitoa kwa moyo mweupe.

Katika sherehe hiyohiyo Mwalimu alisimama akatangaza, mbele yako na mbele ya wazazi wote, kwamba sasa amepata nafasi na atamtembeza mke wake: siku mbili Tanga mjini kwa mdogo wangu Esta, siku ya tatu Pangani, nione bahari, kisha nyumbani. Mlipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kabichi zangu huenda Tanga kila wiki, Mwalimu Mkuu, na nyingine hufika hadi Dar es Salaam. Kabichi zimeiona bahari. Mimi niliyezipalilia sijaiona.

Tangu siku ile masika yamepita mara mbili. Naomba sasa nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu, maana katika nyumba hii pasipo utaratibu mtu hasikilizwi.

1. Ratiba. Juma la kwanza la kustaafu Mwalimu alinunua karatasi ya manila, akachora ratiba ya safari kwa kalamu za rangi tatu, akaibandika sebuleni mahali ilipokuwa picha yetu ya harusi. Picha imehamia jikoni, na mimi ndani yake nimeanza kuwa mweusi kwa moshi. Nilivumilia. Lakini siku moja nilisoma kwa utulivu nikaona imeandikwa: "Kuwasili. Chakula. Kupumzika. Kushangaa mji."

Nikamwuliza, "Baba Tobia, nitashangaa kwa muda gani?"

Akasema, "Dakika arobaini zinatosha. Tanga si kubwa kiasi hicho."

"Na nikiwa bado nashangaa zikiisha?"

"Utamalizia ukiwa unatembea."

2. Kamati. Mwalimu aliunda kamati ya safari. Mwenyekiti ni yeye. Katibu ni yeye. Mhazini ni yeye. Mimi ni mjumbe. Kikao hukaa kila Jumatano baada ya chai, na muhtasari wa kikao kilichopita husomwa wote, hata pale panaposema mjumbe alikohoa. Siruhusiwi kusema bila kunyoosha mkono. Jumatano moja nilichelewa kwa sababu ndama alikuwa karibu kujinyonga na kamba. Nilipoingia nikakuta akidi haijatimia, kikao kimevunjwa, na mwenyekiti amekasirika yuko peke yake.

3. Mazoezi ya joto. Mwalimu anaamini kwamba mtu wa milimani akishuka pwani ghafla, joto humpiga kichwani kama nyundo. Basi tukaanza mazoezi. Tunafunga mlango wa jiko, tunachochea moto, tunavaa nguo za safari, tunakaa kwenye vigoda tumeelekeana, mabegi mapajani, na hatusemi kitu ili tusipoteze nguvu. Siku moja jirani yangu Efrazia alikuja kuazima chekeche. Alifungua mlango, akatukuta tunatiririka jasho katikati ya moshi, tumefumba macho. Alifunga mlango polepole akaondoka. Kufika Jumapili kwaya nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba Mwalimu na mkewe wameingia dhehebu jingine. Mchungaji alikuja kututembelea bila taarifa, akatuombea kwa muda mrefu sana, na mimi sikujua nianzie wapi kumweleza.

4. Mtihani. Hili ndilo lililoniuma kama mtu mzima. Mwalimu alinitungia mtihani wa safari, akanikalisha mezani, akawa anatembea nyuma yangu mikono mgongoni. Swali la kwanza lilitaka nitaje vituo kati ya Mombo na Tanga. Nilitaja Korogwe na Muheza, nikaongeza Hale ili nionekane nimejitahidi. Akaninyima alama kwa sababu sikuvipanga kwa mfuatano. Swali la mwisho lilisema: "Eleza faida na hasara za bahari."

Niliandika hivi. Faida: kuiona. Hasara: sijaiona.

Aliweka alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni, "Jibu halijajitosheleza." Nikafeli. Safari ikasogezwa mbele mpaka nirudie mtihani. Wewe ni mwalimu, mwanangu. Nakuuliza kwa heshima, jibu hilo lilikuwa na upungufu gani?

5. Kuahirisha. Tuliahirisha kwa ajili ya masika, kwamba barabara itateleza. Tukaahirisha kwa ajili ya kiangazi, kwamba kuna vumbi. Tukaahirisha kwa kuwa maharage yalikuwa yanakaribia kukomaa, kisha kwa kuwa yamekomaa. Tobia, mtoto wetu, alipiga simu kutoka Arusha akasema, "Baba, si mpande gari tu mwende?" Mwalimu akamkatia simu, akaniambia huyo mtoto tangu zamani hakuwa makini katika Jiografia.

Watu njiani wameacha kumsalimia kawaida. Wanamwambia, "Mgosi, mzee wetu, bahari bado ipo?" Naye hujibu kwa uzito kwamba maandalizi yanaendelea vizuri.

6. Mombo. Mwalimu Mkuu, naomba hapa ukae chini.

Mwezi uliopita tuliondoka. Kweli kabisa, tuliondoka. Nilivaa kitenge alichonishonea Esta, nikabeba parachichi na mtungi wa maziwa ya mgando. Efrazia alikubali kukaa na ng'ombe. Tulishuka kona zote zile za mlimani mpaka Mombo, na masikio yangu yaliziba yakazibuka, na ule upepo wa moto wa barabara kuu uliponipiga usoni sikuanguka hata kidogo. Niliupenda. Nilisimama kando ya lami kama mtoto, nikawa naangalia mabasi ya Arusha yanapita na kinamama wanayakimbilia na sinia za matunda vichwani, na moyoni nikasema, basi tena, leo ni leo.

Gari la Tanga lilichelewa. Halikuchelewa sana. Lilichelewa kama magari yote ya dunia hii yanavyochelewa. Mwalimu aliitazama ile saa mliyompa, akaitazama tena, akaanza kutembea huku na huku akinong'ona hesabu. Gari likaja. Konda akaruka kabla halijasimama, "Tanga Tanga Tanga! Mama ingia, siti ipo dirishani!" Nikaweka mguu kwenye ngazi. Mtungi nilikuwa nimeshampa konda.

Mwalimu akasema nyuma yangu, "Evelina, shuka. Ratiba imevunjika."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Tukifika tumechelewa, chakula kitaingia kwenye kupumzika. Kupumzika kutaingia kwenye kushangaa mji. Kesho yake yote itaharibika. Shuka tukajipange upya."

Konda akamwambia, "Mzee wangu, mji hauondoki. Twende."

"Kijana, mimi sizungumzi na wewe."

Gari zima likawa linatuchungulia. Mama mmoja wa dirishani, sijui hata ametoka wapi, akaniambia taratibu, "Dada, panda tu, yeye atakuja." Nami nilimwangalia mume wangu amesimama palepale juani na begi lake, kola imefungwa mpaka juu. Nikashuka. Konda akanirudishia mtungi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi.

Tulirudi na fuso iliyopeleka kabichi, tumekaa katikati ya matenga matupu. Nilimpigia Esta. Alikuwa ameshaweka samaki wa nazi mezani, amewaalika na majirani waje wamwone dada yake wa milimani. Akasema, "Haya, dada. Tutakula kwa niaba yenu." Getini tukamkuta Efrazia. Akashangaa, "Mmerudi tayari? Bahari ikoje?" Mwalimu akajibu, "Tumeahirisha," akaingia ndani kurekebisha manila. Mimi sikulia. Nilikaa jikoni nikamenya viazi, nikamenya, nikamenya, vingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula kwa juma zima.

7. Kengele. Hili si lalamiko hasa, lakini sijui niliweke wapi. Kengele ya shule yako inasikika mpaka kwetu. Ikilia asubuhi, Mwalimu husimama. Huacha chai, hushika koti, huenda hadi getini. Hapo hukumbuka. Husimama kidogo akiangalia watoto wanaoshuka na fagio na madumu yao ya maji, kisha hurudi na kuketi, na ile chai hainywi tena.

Juzi nilimkuta mbele ya manila anafuta saa ya kuondoka kwa mara sijui ya ngapi. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, maneno nimeyapanga tangu shambani. Badala yake nikasikia nimemwuliza, "Mwalimu, unaogopa nini?"

Hakugeuka. Alisema, "Tukishakwenda, Evelina, halafu mimi nitapanga nini?"

Nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Huko kwenye majani ndiko nilikopata akili ya kukuandikia. Nimetazama jambo hili kila upande, nikaona ugonjwa si safari. Huyu mtu amenyang'anywa shule nzima akabaki na mwanafunzi mmoja, ambaye ni mimi, na mimi nimefeli. Akipata wengine wa kuwapangia, ataniachia. Akiniachia, nitapanda gari. Nikipanda gari, nitaiona bahari. Kwa hiyo njia yangu ya kufika Pangani inapita ofisini kwako, na naomba yafuatayo:

(a) Mwalimu apewe darasa. Hata la pili, hata lile la watoto wanaouma wenzao.

(b) Ikiwa sheria za kustaafu zinakataza, apewe stoo ya majembe ayapange. Ayapange kwa urefu, akimaliza mumwambie ayapange kwa uzito.

(c) Ikiwa na stoo haiwezekani, apewe kengele tu. Nakuhakikishia haitachelewa hata siku moja.

(d) Ikiwa kazi hakuna kabisa, basi aandikishwe kama mwanafunzi wa darasa la saba. Sare nitamshonea mwenyewe. Ila asifaulu mpaka niwe nimerudi.

(e) Ikiwa hata hilo lina ugumu, naomba shule ifute bahari kwenye ramani iliyochorwa ukutani, na ifundishwe kuanzia sasa kwamba baada ya Muheza nchi inaendelea tu, mashamba na mashamba. Ikishakuwa haipo, Mwalimu hatakuwa na cha kuandaa, nami nitajifunza kutoitamani. Nimekuwa nikijaribu peke yangu lakini bila msaada wa serikali nimeshindwa.

Naamini ombi langu si kubwa kwa mtu uliyekula makande nyumbani kwangu ukiwa darasa la sita. Wasalimie walimu wote, yule mgeni wa Hesabu asiyezoea baridi mwambie nina sweta lililombana Tobia aje alichukue. Msalimie mlinzi, mzee Abrahamu, na mguu wake. Wasalimie watoto wote hata wale wanaotupa mawe kwenye miplamu yangu, maana wanajulikana na nimeshawasamehe.

Ni mimi mama yako, mjumbe wa kamati,

Evelina Shemahonge (Mama Tobia)

N.B. Mwanangu Rahma, maneno haya ya chini nayaandika nikiwa Pangani. Naomba uyasome kabla hujachukua hatua yoyote kuhusu yale ya juu.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ile nilikuja shuleni na barua mkononi, mzee Abrahamu akaniambia umekwenda Lushoto kwenye semina, niache mezani. Sikupenda kuiacha, ina mambo ya ndani. Nikatoka barabarani nisubiri labda utarudi. Gari la Mombo likasimama mbele yangu. Sikulisimamisha, lilisimama lenyewe. Nilikuwa na kikapu cha sokoni na raba buti za shambani, na Mungu ananisikia, sikuwa nimepanga. Nilipanda tu.

Nilimpigia Mwalimu simu nikiwa Korogwe. Nikamwambia, "Baba Tobia, naelekea Tanga." Akauliza, "Umebeba maji ya kunywa?" Nikasema sijabeba. Simu ikakatika.

Kwa Esta nimekaa, mtaa wa Ngamiani, nimeketi mlangoni kwake nikiangalia baiskeli zinavyopita, sijaona baiskeli nyingi hivyo tangu nizaliwe, na nilishangaa asubuhi nzima bila mtu kunihesabia. Lakini nikwambie ukweli, kila nilichokiona nilikuwa nageuka pembeni kusema, "Umeona?" na pembeni hapakuwa na mtu. Esta ni mdogo wangu nampenda, ila yeye ameshayaona yote, haoni tena.

Akanileta Pangani. Bahari nimeiona. Nilidhani itakuwa kama ilivyo kwenye picha, imelala. Kumbe haitulii. Nilikaa mchangani na buti zangu, sikuthubutu kusogea, na Esta akachoka kunivuta akaenda kutafuta chai.

Basi nikamwona mtu anakuja ufukweni kutoka upande wa stendi, anauliza kila anayekutana naye, amevaa viatu vya kanisani bila soksi, shati halijachomekwa, na mkononi hana hata mfuko. Sikumtambua mpaka aliponifikia, maana miaka yote hii sijawahi kumwona Mwalimu Hezekia bila kitu mkononi. Alikuwa ametoka Mlola alfajiri, ng'ombe amemwachia Efrazia, akashushwa mahali sipo, akapanda gari jingine, akapotea tena.

Akasimama mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama wizi, "Evelina, nimepanda gari bila kuuliza linaondoka saa ngapi."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Alinivua buti, moja baada ya nyingine, akakunja suruali yake mwenyewe mpaka magotini, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hata siku ya harusi hakulifanya kwa sababu Mchungaji hakuwa amelitaja. Tukaingia. Maji yalipovuta mchanga chini ya nyayo zetu alipiga kelele, "Mama Tobia, inatuchukua!" na alinikumbatia kiuno kwa nguvu, mwalimu mzima wa Jiografia. Watoto wa Pangani walicheka sana. Nasi tulicheka mpaka tukakaa kwenye maji na nguo zetu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na unyenyekevu uleule, barua yote ya hapo juu ifutwe. Asipewe darasa. Asipewe majembe wala kengele. Lile la kumwandikisha darasa la saba ndilo lisifikiriwe kabisa, kwani ana kazi nyingi: sasa hivi anafundishwa na wavuvi kusafisha ngisi, anafanya vibaya sana, na hajali. Kama ulipokuwa unasoma yale ya juu ulishampangia vipindi, mpe mtu mwingine.

Tafadhali mwambie Efrazia aendelee kukamua. Kuhusu siku ya kurudi, bado hatujapanga.